Bambo

Sokoni Kibaigwa mnunuzi hafungui gunia.
Huchomeka bambo ubavuni,
huzungusha kiganja,
punje kumi, kumi na tano zikamdondokea mkononi.
Hung'ata moja, husikiliza mlio wake,
ndipo hutaja bei.
Mimi ndiye mshona midomo ya magunia hayo:
sindano ndefu, uzi wa nailoni,
mishono kumi na miwili, kisha fundo.
Miaka ishirini na mitatu
sijafumua gunia ili kujua kilichomo.

Kaka yangu Chilongani walitaka kumfumua.

Ugali ndio ulioanza kumkataa.
Akasema mtama wa mwaka huu una makapi.
Akahamia wali, wali ukakwama.
Akahamia uji, akaunywa ungali unatokota,
kama tulivyozoeshwa na baridi ya Juni
na haraka ya shamba.
Mjini Dodoma wakampa tarehe:
mpira wenye jicho utashuka kooni,
usile tangu usiku, uje na mtu wa kukurudisha,
uje na fedha.
Akauza mbuzi wawili.
Siku ilipofika alikaa stendi;
basi likaja, basi likaondoka.
"Nimeogopa," akaniambia,
mtu aliyewahi kumfukuza fisi kwa mwiko.
Alipokubali, hata maji yalikuwa yanarudi.
Tulimzika Novemba, mvua bado,
jembe likilia juu ya ardhi.

Sasa muuguzi Nyemo amekuja zahanati na kikopo.
Ndani ya kikopo, kidonge.
Kidonge kimefungwa uzi.
"Uzi namba ngapi?" nikauliza.
"Haukatiki."
"Kila muuza uzi husema hivyo."
Nikauvuta kwa mikono miwili, nikaujaribu menoni,
nikaukubali.
Akakitupa kile, akafungua kingine.
Hata hakukasirika.

Nikameza kwa maji.
Uzi ukabaki pembeni mwa mdomo,
ukinitekenya koromeo,
ncha yake ikiwa kidoleni mwa Nyemo.
Tukangoja dakika saba na nusu:
kwangu hayo ni magunia matano.
Humo ndani, alisema, ganda linayeyuka,
sponji inafumuka kama bisi chunguni.
"Tazama juu." Akavuta.

Sitasema uongo. Nilikohoa, machozi yakanitoka,
koo likawa kama limepitiwa na gunzi.
Lakini sijahesabu hadi sita
kikawa nje: kitu kidogo, duara, kama jicho la mbuzi,
kina ute, kina damu ya kuchungulia.
Na katika ute ule, alisema,
kuna vijipande vya njia nzima, chini hadi juu,
vidogo kuliko unga.
Akakitia chupani, akaandika jina langu.

Bambo, nikasema.
Nini?
Basi tu, dada. Endelea.

Nilirudi sokoni kwa miguu. Mchana uleule nilishona.

Majibu ni wiki tatu, na Nyemo hakuniahidi kitu.
Likionekana doa, mpira wenye jicho bado utanihusu.
Lisipoonekana, nisijione nimemaliza.
Nikamheshimu kwa hilo:
dalali mzuri hasifu gunia asilolichoma.
Na doa, alisema, si lazima liwe msiba;
nami najua, punje moja nyeusi haitupishi gunia,
huanikwa mapema,
kabla fukuto halijashika.

Nimewaambia vijana wa kupakia.
Masinga akacheka: yeye humeza hata mifupa.
Sikumjibu.
Nilimjua mwingine aliyesema vile.

Jioni hii Sechelela amenimiminia chai.
Zamani ningeimaliza kabla hajaketi.
Naiacha. Mvuke unapungua, utando unajitandika juu.
Anauliza kama sukari ni kidogo.
Hapana, namwambia, nangoja tu,
na ulimi wangu unautafuta uzi
kwenye pembe ya mdomo,
mahali ambapo haupo.